Karatasi za West Point na Kumbukumbu Zetu

Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, kabla ya saa tano asubuhi, mabomu mawili yalilipuka karibu wakati mmoja: moja kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, jingine kwenye ubalozi wa nchi hiyohiyo Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11, na maelfu wakajeruhiwa. Wengi wa waliokufa hawakuhusika kwa lolote na ugomvi wa mtu yeyote na Marekani. Walikuwa makarani, wanafunzi, wapita njia. Jengo la Ufundi, lililokuwa jirani na ubalozi wa Nairobi, liliporomoka na watu wakiwa ndani.

Sisi tunaoandika makala haya tulikuwa hatujazaliwa. Tuliyasikia haya kwa wazazi wetu hapa Riverside, kila mmoja katika mji wake: Louisville, Columbus au Buffalo. Lakini tulipoanza kuitafuta historia yenyewe maktabani, tulishangaa. Nyingi za nyaraka tulizoelekezwa hazikutoka Nairobi wala Dar es Salaam. Zilitoka West Point, jimbo la New York, kando ya mto Hudson.

West Point ni chuo cha kijeshi kilichoanzishwa mwaka 1802 kufundisha maofisa wa jeshi la nchi kavu la Marekani. Mwaka 2003, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ndani ya idara yake ya sayansi ya jamii kulianzishwa kituo cha kuchunguza ugaidi. Kazi yake ni kufundisha makadeti na kufanya utafiti. Tangu Desemba 2007 kina jarida lake, ambalo yeyote anaweza kulisoma bure. Watafiti wake huandika kwa majina yao, na hutamka wazi kwamba maoni ni yao, si ya jeshi.

Kilichokipa kituo hiki sifa ni karatasi. Majeshi ya Marekani yalipovamia maficho ya al-Qaeda yalikusanya barua, hesabu na taarifa, yakaziweka katika hifadhi moja iitwayo Harmony. Baadhi ziliondolewa usiri, zikapewa wasomi wa West Point wazisome. Mwaka 2007 walitoa ripoti kuhusu al-Qaeda katika Pembe ya Afrika. Humo tunakuta wajumbe wa al-Qaeda waliotumwa Somalia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walidhani nchi isiyo na serikali ingekuwa kimbilio lao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: walikuta siasa za koo, gharama zisizokwisha, na wenyeji wenye shughuli zao. Ripoti ikahitimisha kwamba Kenya iliwafaa zaidi, kwa sababu ilikuwa na barabara, benki na simu, huku ulinzi wake ukiwa dhaifu. Wenzetu wa Columbus wenye wazazi wa Kisomali walicheka walipoisoma. Walisema mambo ya koo wazee wao wangeyaeleza kwa kikombe cha chai, bila kuteka karatasi ya mtu.

Hata hivyo tusiibeze kazi hiyo. Mwaka 2012 kituo kilichapisha barua 17 zilizochukuliwa katika nyumba ya Osama bin Laden kule Abbottabad, Pakistan. Moja aliiandikia kiongozi wa al-Shabaab, akimshauri asitangaze hadharani kwamba makundi yao yameungana. Tarehe yake ni 7 Agosti 2010, miaka 12 kamili baada ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam. Barua haisemi neno juu ya wafu wa siku ile.

Mwaka huohuo, Nelly Lahoud wa kituo hicho aliandika uchunguzi wa kitabu cha Fazul Abdullah Mohammed, Mkomoro aliyehusika na mabomu ya 1998 na aliyeuawa Mogadishu Juni 2011. Fazul alikuwa ameandika maisha yake kwa Kiarabu, zaidi ya kurasa 1,000. Kwa kazi ya Lahoud tunajua jinsi Fazul alivyojiona na alivyowahukumu wenzake. Huo ni ujuzi wa kweli, na asiyesoma Kiarabu asingeupata.

Shida yetu ni nyingine. Kwanza, karatasi hizi zilichaguliwa. Zilitolewa 17 mwaka 2012. Mwaka 2017 shirika la ujasusi la Marekani lilitoa faili karibu 470,000 kutoka nyumba ileile. Mwanahistoria anayesoma alichopewa tu hana budi kujiuliza ni nani aliyempa, na kwa nini. Pili, karatasi hizi ni za wauaji. Fazul aliwahi kujificha Siyu, kisiwani Pate, akaoa huko. Tunasoma habari zake Siyu, lakini watu wa Siyu hatuwasikii. Baada ya hoteli ya Kikambala kushambuliwa Novemba 2002, wakauawa Wakenya 10 na Waisraeli 3, misako iliwaangukia watu wa pwani. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilileta muswada wa kupambana na ugaidi, na Waislamu na watetezi wa haki wakaupinga hadi ukaondolewa. Sheria ya namna hiyo ilipita mwaka 2012. Habari za watu hao wamezihifadhi wenyewe kwa Kiswahili, vichwani mwao.

Jambo hili tulilielewa vizuri zaidi lilipotufika karibu. Tarehe 14 Mei 2022, mtu mwenye chuki ya rangi aliwaua watu Weusi 10 katika duka la Tops, Jefferson Avenue, Buffalo. Julai mwaka huo jarida la West Point lilitoa makala kuhusu shambulio hilo, likieleza jinsi muuaji alivyofuata maandishi ya wauaji waliomtangulia, akiwemo yule wa misikiti ya Christchurch. Makala ni nzuri, na yanahitajika kwa wanaotaka kuzuia mengine. Lakini wenzetu wa Buffalo walipoyasoma walisema: hili ndilo duka walilokuwa wakinunulia unga majirani zetu, na humu yanachambuliwa maneno ya muuaji. Safari hii wenyeji tulikuwa sisi.

Kwa hiyo tumeamua kufanya kazi ambayo West Point haiwezi kutufanyia. Tunawarekodi wazazi na wazee wetu kwa Kiswahili, kwa idhini yao. Hatuwaulizi nani alifanya nini. Tunawauliza: ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, ulirudije nyumbani?

Tulianza na mama wa mwenzetu wa Louisville, aliyekuwa Nairobi mwaka 1998. Kila Aprili fataki za Thunder Over Louisville zinaporushwa juu ya mto Ohio, watoto hukimbilia dirishani, naye hubaki amesimama ukumbini. Miaka yote walidhani hapendi kelele. Alipoulizwa akaeleza kwamba siku ile mlio wa kwanza ulikuwa mdogo, na watu katika majengo ya jirani wakaenda madirishani kutazama. Bomu lenyewe likafuata. Wengi walipoteza macho kwa vioo.

Kinasa sauti kilikuwa kinaendelea. Mwanawe alimuuliza kwa nini hakuwahi kuwaambia. Akajibu, "Hamkuniuliza, mwanangu."