Kiingereza cha Kitaaluma katika Vyuo Vikuu vya Eldoret

Somo la Stadi za Mawasiliano, ambamo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kusoma vitabu vya taaluma yake, kufuatilia mihadhara na kuandika kwa Kiingereza cha chuoni, lina historia ndefu kuliko wanavyodhani wengi wanaolisoma leo kwa sababu tu ni la lazima. Mji wa Eldoret wenyewe haukuwahi kuwa wa watu waliozaliwa na lugha hiyo. Kabla ya kupewa jina lake la sasa mwaka 1912 uliitwa Sitini na Nne (kwa Kiingereza, Sixty-Four), kutokana na namba ya shamba ambako posta ilijengwa, na ndipo wenyeji wakapata jina Sisibo. Walowezi waliofika uwanda wa Uasin Gishu na msafara wa Van Rensburg mwaka 1908 walizungumza Kiafrikana, Wanandi na majirani zao walikuwa na lugha zao, na Kiswahili kikawa lugha ya sokoni na ya kazi za mashambani. Kiingereza kiliingia kupitia ofisi, mahakama na darasa.

Baada ya uhuru wa Kenya, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, ilhali Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilirejesha hadhi ya lugha ya eneo, yaani lugha inayotumiwa na watu wengi mahali shule ilipo, katika madarasa matatu ya mwanzo. Kwa vyovyote vile, kijana aliyefika chuo kikuu alikuwa amefundishwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi, na kwa hiyo ilionekana ajabu kumrudisha kwenye somo la lugha. Jibu la kinadharia lilitolewa mwaka 1979 na Jim Cummins, mtaalamu wa elimu nchini Kanada, alipotofautisha ufasaha wa mazungumzo na umilisi wa lugha ya kitaaluma, ambao huchukua muda mrefu zaidi kujengeka kwa sababu maana yake hubebwa na maandishi yenyewe, pasipo msaada wa ishara za mikono wala mazingira ya wanaozungumza. Kwa upande wa utekelezaji, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimetangulia kwa kuanzisha kitengo cha stadi za mawasiliano mwaka 1978.

Kwa upande wa Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi, kilichotokana na mapendekezo ya tume iliyoongozwa na Colin Mackay mwaka 1981, kilianza mwaka 1984 kikiwa na wanafunzi 83 wa misitu waliohamishwa kutoka Nairobi. Wanafunzi wa miaka hiyo ya kwanza walikuwa wamepitia kidato cha tano na cha sita, ambako walisoma masomo machache kwa kina na kuandika insha ndefu za kujenga hoja, hasa katika mtihani wa maarifa ya jumla. Tume hiyohiyo ya Mackay, hata hivyo, ndiyo iliyopendekeza mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ambao ulianza mwaka 1985 na kuiondoa miaka hiyo miwili.

Matokeo yake yalionekana mwaka 1990, ambao ndio kiini cha historia hii, kwa maana wahitimu wa mwisho wa kidato cha sita na wa kwanza wa 8-4-4 waliingia vyuoni kwa pamoja. Ili kuwapokea, Moi ilichukua chuo cha ualimu cha Chepkoilel, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1946 kuwafunza wakulima wa mashamba makubwa, na ambacho tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Eldoret. Mazoezi ya kuandika yaliyokuwa yakifanywa kidato cha tano na cha sita yalibaki bila mwenyewe, na Stadi za Mawasiliano zikatazamiwa kuyabeba wakati uleule ambapo kumbi zilifurika.

Ugumu wa kazi hiyo unaeleweka zaidi kwa kutazama zoezi moja la kawaida la somo hili, ambalo ni ufupisho. Mwanafunzi hupewa kurasa mbili kuhusu mmomonyoko wa udongo, akatakiwa kutenga dai kuu na mifano inayolithibitisha, kuliandika dai hilo kwa maneno yake katika aya moja, kisha kumtaja mwandishi na mwaka. Anayenakili sentensi nzimanzima, kama alivyozoea kunakili ubaoni, huhesabiwa kuwa ametenda wizi wa kitaaluma, ingawa alidhani anauheshimu usahihi wa kitabu. Zoezi hili halina thamani pasipo mhadhiri kuisoma aya, kuiandikia maoni na kumrudishia mwanafunzi aiandike upya, kazi isiyowezekana kwa ukamilifu pale mhadhiri mmoja anapokabiliwa na mamia ya madaftari.

Njia tofauti ilichukuliwa katika kitivo cha tiba cha Moi, kilichofunguliwa mjini Eldoret mwaka huohuo wa 1990 na kushirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Humo kulitumiwa ujifunzaji unaotokana na tatizo, ambapo kikundi kidogo hupewa kisa cha mgonjwa, kikaorodhesha yasiyojulikana, kikatawanyika maktabani na kurudi kueleza kilichopatikana. Mfumo huo haukubuniwa kwa ajili ya kufundisha lugha, lakini ulimlazimu kila mwanafunzi kusoma akiwa na swali, kusema mbele ya wenzake na kutetea alichosema, na hayo ndiyo mazoezi ambayo ukumbi uliofurika hauwezi kumpa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.