Kodi ya Nyumba na Kodi ya Mapato

Watu wengi hudhani ya kuwa kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa Kenya mwaka 1901, ilikuwa kodi ya mapato. Sivyo. Na tuzipambanue.

Kodi ya nyumba haikuuliza mtu amepata nini. Ilihesabu nyumba tu. Mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alilipa mara tatu, ijapokuwa mvua imekosa na ghala ni tupu. Kijana asiye na nyumba naye hakusalimika, maana mwaka 1910 aliwekewa kodi ya kichwa. Ili kupata fedha za kulipa, wengi waliuza mifugo au walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi.

Kodi ya mapato hutazama pato. Uingereza iliianza mwaka 1799, kwa ajili ya vita na Ufaransa, na aliyepata chini ya pauni 60 kwa mwaka hakudaiwa kitu. Kenya walowezi waliipinga, ikafutwa mwaka 1922, isirudi hata mwaka 1937.

Basi tukiulizwa nani alitangulia kubeba mzigo, jibu ni hili: mwenye kibanda, kabla ya mwenye pato kubwa.