Jiwe Lililokata Waya

Mtoto wa dada yangu ana miaka 11. Jumamosi moja hapa kwetu Golf, mtaa wa Lubumbashi, mechi ikiwa imepamba moto, maneti, yaani kidhibiti cha kuchezea, ilizimika mkononi mwake. Ni maneti isiyo na waya, ya mashine ya michezo ya video iliyotufikia ikiwa imeshatumika na watu wengine huko Dubai. "Tonton, batri inakufa," akaniambia kwa sauti ya mtu anayeleta habari ya msiba. Nikamtafutia waya, nikaichomeka, akarudi kwenye mpira wake. Baadaye akaniuliza kama zamani maneti zote zilikuwa na waya. Nikamwambia ndiyo, zote. Akatafakari kidogo, kisha akauliza: "Nani aliukata?"

Historia ya michezo ya video, jinsi inavyosimuliwa Japani na Marekani, ingemjibu kwa majina ya wahandisi na makampuni. Majina hayo ni ya kweli na nitayataja. Lakini mtoto aliyezaliwa Lubumbashi anastahili jibu linaloanzia chini ya miguu yake mwenyewe, maana jibu liko hapo, na sijui kwa nini hatulifundishi shuleni.

Tuanze Oktoba 1958. Katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, mwanafizikia William Higinbotham alitaka kuwachangamsha wageni siku ya kutembelea maabara. Akaunganisha oskiloskopu na kompyuta ndogo, kikatokea kiwanja cha tenisi kikionekana kwa pembeni, wavu katikati, na nukta ya mwanga inayoruka huku na huku. Watu walipanga foleni kuucheza mchezo huo. Wengi huuhesabu miongoni mwa michezo ya video ya kwanza kabisa duniani. Kazi ya Higinbotham kabla ya hapo ndiyo inayotuhusu. Wakati wa vita alikuwa Los Alamos, akiongoza kikundi cha elektroniki katika mradi wa bomu la atomiki, na sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, safari ya saa chache tu kutoka hapa. Mnamo 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, alikuwa amesafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini hayo hadi ghala moja la New York. Mwishoni mwa maisha yake Higinbotham alitaka akumbukwe kwa kampeni yake dhidi ya kuenea kwa silaha za nyuklia kuliko kwa ile tenisi.

Kuna jambo lingine ambalo silisahau. Kyoto, mji ambako kampuni ya Nintendo ilizaliwa mwaka 1889 ikitengeneza karata, ulikuwa juu katika orodha ya miji ya kupigwa bomu. Waziri wa vita wa Marekani, Henry Stimson, ndiye aliyeuondoa. Kwa hiyo mawe yetu yalikuwa karibu sana na historia hii kabla hata haijaitwa michezo.

Baada ya hapo ni enzi ya waya. Mwaka 1972 Magnavox wakauza mashine ya kwanza ya nyumbani, na mwaka huohuo Atari wakatoa Pong. Kila kitu kilifungwa kwenye televisheni, na televisheni ikafungwa ukutani. Mwaka 1978 Wajapani walipokuwa wakimiminika kucheza Space Invaders, huku kwetu mwezi Mei waasi waliingia Kolwezi, na dunia ikagundua kwa hofu kwamba sehemu kubwa ya kobalti yake inatoka eneo hilo moja la Zaire, kama Congo ilivyoitwa wakati huo. Bei ikapaa mara kadhaa. Watengenezaji wa spika, waliokuwa wakitumia sumaku zenye kobalti, wakahamia sumaku za bei nafuu zisizokuwa nayo. Lilikuwa funzo chungu: ulimwengu unaweza kulikimbia jiwe letu ukitaka.

Basi kwa nini ulirudi? Hapo ndipo waya ulipokatwa.

Game Boy ya Nintendo ilipotoka mwaka 1989 ilikula betri nne kavu, zilezile za tochi. Zikiisha unatupa, unanunua nyingine. Mtoto aliyetaka kucheza bila waya alihitaji mzazi mwenye fedha kila wiki. Wakati huo jibu lilikuwa tayari maabara. Mwaka 1980, huko Oxford, John Goodenough na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba unga wa kobalti, lithi na oksijeni unaweza kupokea umeme na kuutoa tena mara nyingi. Mwaka 1985 Akira Yoshino, Japani, akaugeuza kuwa betri salama kiasi cha kuuzwa. Mwaka 1991 Sony wakaitoa sokoni. Ni Sony hiyohiyo ambayo miaka mitatu baadaye, Desemba 1994, ilileta PlayStation. Goodenough na Yoshino, pamoja na Stanley Whittingham, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019.

Betri hiyo tunaiita ya lithi. Jina hilo linanikera, na nitaeleza sababu. Chukua gramu 10 za unga unaokaa upande wake chanya. Gramu 6 ni kobalti. Oksijeni ni zaidi kidogo ya gramu 3. Lithi haifiki hata gramu moja. Lithi ndiyo msafiri: betri ikichajiwa inahama upande mmoja, ikitumika inarudi. Kobalti ndiyo nyumba ambayo msafiri huyo analala, na nyumba isiposimama imara hakuna safari. Dunia ikachagua kuitaja kwa jina la msafiri. Mwenye nyumba hakuandikwa mlangoni.

Na mwenye nyumba, mwaka ule wa 1991, alikuwa wapi? Alikuwa kitandani, anakufa. Hili ndilo jambo linaloniuma kuliko yote katika historia hii. Kwa miongo mingi Katanga ilikuwa imetoa kobalti kwa wingi kuliko popote, kwanza chini ya Union Minière, kisha chini ya Gécamines baada ya serikali kuitaifisha mwaka 1967. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ukaporomoka. Septemba 1991 wanajeshi wasiolipwa wakaanza kupora Kinshasa, na uporaji ukaenea miji mingine. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wafanyakazi na mafundi wa migodi, wakafukuzwa Katanga, aibu ambayo bado hatujamaliza kuizungumza. Shaba ya Gécamines, iliyokuwa karibu tani 470,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ikashuka hadi takriban tani 30,000 mwaka 1994. Betri iliyohitaji jiwe letu kuliko kitu chochote kabla yake ilizaliwa wakati ambapo sisi hatukuweza hata kulipa mishahara. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipewa fedha za kuondoka, wakaambiwa wameondoka kwa hiari.

Mimi nilikutana na michezo ya video katika miaka hiyo, katika komini ya Kenya hapahapa Lubumbashi, siyo Golf. Chumba cha matofali, pazia mlangoni, televisheni mbili, benchi moja. Tuliita kila mashine Nintendo, hata zile za kuiga kutoka China, hata PlayStation ilipofika. Ulilipa kwa mechi. Anayefungwa anaamka, mwingine anakaa. Mwenye chumba alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa Gécamines, na televisheni moja ilikuwa imenunuliwa na baba yake enzi za mshahara.

Kadi ya kuhifadhia mchezo hatukuwa nayo. Ukianza hadithi ndefu lazima uimalize kikao hicho, na umeme ukikatika unarudi mwanzo. Niliwahi kumwona kijana mkubwa kuliko mimi akilia kwa sababu hiyo, na hakuna aliyemcheka. Giza likiingia tulikaa palepale, tukisubiri, mpaka mtaa mzima upige kelele: "Courant inarudia!"

Umeme huo nao una asili yake. Mabwawa ya Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke yalijengwa kati ya 1930 na miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi na viyeyusho. Mwaka 1982 ukakamilika mstari wa umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, ukipita juu ya vijiji ambavyo havikupata hata taa moja. Migodi ilikula kwanza. Mashine zetu za michezo zilikula kilichobaki.

Wakati sisi tukisubiri gizani, kobalti ilikuwa inaondoka, na ilitoka mahali ambapo kila mtu wa Lubumbashi anapajua. Tangu Juni 1911, shaba ya kwanza ilipomiminwa, kiyeyusho chetu kilitupa mabaki pembeni mwa ile dohani ndefu, mpaka yakawa mlima mweusi tunaouita terril. Wahunzi wa zamani wangesema ni mavi ya shaba. Lakini ndani yake ilikuwamo kobalti ambayo wazungu wa tanuri hawakuweza kuitenga yote. Karibu na mwaka 2000 Gécamines, kundi la George Forrest na kampuni ya OMG wakaanza kuuyeyusha mlima huo upya, na aloi yake ikasafiri hadi Kokkola, Finland, kusafishwa. Wakati huohuo kutoka Finland ulikuwa unatufikia mchezo wa nyoka ndani ya simu za Nokia, uliotengenezwa na Taneli Armanto mwaka 1997. Kwa wengi wetu huo ndio mchezo wa kwanza tuliocheza peke yetu, mkononi, bila kulipa benchi. Mavi ya shaba yakaenda, nyoka akaja.

Watu wa nje, wakitaja Congo na michezo, hukumbuka zaidi koltani, jiwe linalotoa tantali. PlayStation 2 ilitoka Machi 2000, na mwishoni mwa mwaka huo bei ya tantali ikapaa, wakati Kivu ikiwa vitani. Wengine wakaiita vita hiyo "vita ya PlayStation". Jina hilo halitoshi. Simu na kompyuta zilikuwa zikigombea tantali hiyohiyo, wanunuzi walikuwa wakirundika akiba kwa woga, na waliokufa Kivu walikuwa na maadui wenye majina na vyeo, siyo mashine ya mchezo.

Kobalti iliendelea na kazi yake kimya kimya. Mwaka 2003 Nintendo waliweka betri ya kuchaji ndani ya Game Boy Advance SP. Mwaka 2004 ikaja PSP ya Sony, mwaka 2006 maneti ya PlayStation 3 isiyo na waya, mwaka 2017 Switch ya Nintendo. Waya ulikatwa kidogo kidogo, nyumba kwa nyumba. Na kila ulipokatwa, mtu fulani upande wa Kolwezi alishuka shimoni. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, jiwe lilipatikana ndani ya viwanja vya watu, na familia zikaanza kuchimba chini ya sakafu zao. Wenzetu wachimbaji hao, tunaowaita creuseurs, wengine ni watoto wa walioondoka Gécamines mwaka 2003. Januari 2016 Amnesty International ilichapisha ripoti iliyofuata kobalti yao kutoka shimoni hadi kwenye betri.

Mchezo mmoja ulijaribu kusema haya mapema. Phone Story, kazi ya Molleindustria ya Italia, ulitoka Septemba 2011. Sehemu yake ya kwanza iko Congo: mchezaji anawaamrisha askari wawafokee watoto wanaopumzika, ili uchimbaji usisimame. Apple waliuondoa dukani mwao baada ya siku chache. Nauheshimu kwa ujasiri wake. Lakini watoto wale hawana nyuso wala Kiswahili, na hakuna hata mmoja anayeshika simu akacheza. Ni rahisi kutuonyesha tukiwa shimoni. Bado sijaona mchezo unaotuonyesha kwenye benchi, tukisubiri umeme urudi.

Leo Congo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa husafishwa China. Februari 2025 serikali ilisimamisha kuiuza nje kwa sababu bei ilikuwa imeporomoka. Oktoba ikairuhusu tena kwa viwango, tani 96,600 kwa mwaka 2026. Magari mengi ya umeme sasa yanatumia betri zisizo na kobalti kabisa, lile funzo la 1978 kwa mara nyingine. Lakini kitu kidogo kinachoshikwa mkononi bado kinaitaka, kwa kuwa hakuna nyumba nyingine inayobeba umeme mwingi hivyo katika nafasi finyu.

Hayo nilimweleza mpwa wangu kwa vipande, siku kadhaa. Maneti haikupona. Tukaipeleka mjini kwa fundi wa simu, mwenye meza yake chini ya mwavuli. Akafungua skrubu nne, akatoa betri bapa ndogo kuliko kiberiti, iliyovimba kama mkate. Mtoto akasoma maandishi yake yote kwa sauti: Li-ion, volti, nchi ilikotengenezwa. Fundi akaweka mpya, akafunga, taa ikawaka.

Mpwa wangu akaomba ile ya zamani aiweke nyumbani. Fundi akakataa, alisema iliyovimba inaweza kuwaka usiku mkiwa mmelala. Akaitia kwenye ndoo ya plastiki chini ya meza. Ndoo ilikuwa imejaa, na kutoka pale tuliposimama terril ilionekana.