Antena ya dipoli

Antena ya dipoli ni antena yenye vipande viwili vya waya vya urefu sawa, vinavyounganishwa na redio katikati yake. Mwanafizikia Mjerumani Heinrich Hertz alitumia antena ya namna hiyo katika majaribio yake ya miaka ya 1880. Watumiaji wa redio ya ridhaa hujitengenezea nyumbani kwa gharama ndogo.

Urefu wa waya wote ni takriban nusu ya urefu wa wimbi. Hupatikana kwa kugawanya 143 kwa masafa ya megahezi. Jibu ni mita. Kwa megahezi 7.1 ni mita 20 hivi, yaani mita 10 kila upande. Waya hukatwa mrefu kidogo, kisha hupunguzwa sawasawa pande zote mbili huku antena ikipimwa.

Katikati, waya wa ndani wa kebo huungwa na kipande kimoja, na wavu wake wa nje na kingine. Ncha za nje hufungwa kwenye vihami vya plastiki au kauri, halafu huvutwa kwa kamba hadi kwenye miti au nguzo.

Antena haitakiwi kupita juu, chini wala karibu na nyaya za umeme, kwa kuwa ikizigusa inaweza kuua.