Dini ya Msambwa na Macho ya Waumini

Kati ya Kitale na Bungoma, msomaji mpenzi, iko Kimilili, nchi ya Elijah Masinde, mchezaji hodari wa mpira aliyelelewa katika misheni ya Marafiki. Yapata mwaka wa 1943 alianzisha Dini ya Msambwa, akiwataka Wabukusu wairudie ibada ya wazee wao, na Wazungu waondoke. Wamisheni walisema hayo ni mafundisho ya uongo, nayo serikali ikamtia katika hospitali ya wagonjwa wa akili, Mathari. Kwangu hukumu hiyo ilikuwa nyepesi mno. Wafuasi wengi walikuwa vibarua katika mashamba ya walowezi kando ya Kitale. Je, kulilia ardhi ni wazimu? Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliupiga risasi umati huko Malakisi, wakafa watu 11.

Lakini jambo la Kolloa, Baringo, ni jingine. Mnamo Aprili 1950 Lukas Pkiech, mfuasi wa dini hiyo, aliwaongoza Wapokot kuwakabili polisi, wakiamini, kama isimuliwavyo, kwamba risasi hazingewadhuru. Walikufa 29, naye akiwamo. Hapo ndipo palipotakiwa macho: ahadi isiyopimika ila kwa kufa.

Mtume Yohana aliwaagiza Wakristo wachunguze kila roho, si zile ngeni tu. Kule Shakahola, Kilifi, kuanzia mwaka wa 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wakiwa wamekufa njaa kwa kutumaini kumwona Yesu. Huko hapakuwa na mizimu; kitabu kilichosomwa kilikuwa Biblia.