Mahali pa Chujio la Petroli katika Malori ya Kabureta Kisiwani Pemba: Karafuu, Uhaba na Elimu ya Mafundi

1.0 Utangulizi

Historia ya karafuu kisiwani Pemba imeandikwa zaidi kwa kufuata ardhi, bei na siasa. Watafiti wamekieleza kimbunga cha mwaka 1872, kilichoangamiza mikarafuu ya Unguja na kuifanya Pemba kuwa mzalishaji mkuu. Wameujadili mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi wa 1937–1938. Na wameyachambua Mapinduzi ya Januari 12, 1964 pamoja na ugawaji wa eka tatu tatu uliofuata. Lori lililobeba karafuu hizo kutoka mashambani limetajwa kwa nadra, na fundi aliyeliweka barabarani hakutajwa kabisa. Makala hii inadai kwamba swali dogo la kiufundi, yaani chujio la petroli lifungwe wapi katika lori la kabureta, linaweza kuangaza upande huo uliosahauliwa. Chanzo kikuu cha hoja ni chombo chenyewe, kikisomwa pamoja na mazingira kilimofanyia kazi.

2.0 Mzigo usiosubiri

Karafuu ni zao lenye haraka. Zikishachumwa, huchambuliwa ili kutenganishwa na makonyo, kisha huanikwa juani kwa siku kadhaa. Zikilala rundo zikiwa mbichi huchacha, hupoteza rangi na kushuka daraja. Lori lililozimika njiani kati ya shamba na uwanja wa kuanikia halikuwa kero ya dereva peke yake. Lilikuwa hasara ya mwenye shamba na ya mchumaji. Tangu mwaka 1968 biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na mkulima hakuwa na mnunuzi mwingine halali wa kumfidia tofauti ya daraja.

Aidha, sura ya Pemba ni ya vilima vifupi na mabonde ya mpunga yanayopishana. Gari lenye shehena hupanda na kushuka mara nyingi, na kila kilima huidai injini mafuta mengi kuliko tambarare.

3.0 Njia ya mafuta na maadui zake

Katika malori ya petroli ya Kiingereza yaliyoenea Afrika Mashariki, yakiwemo Bedford na Austin, njia ya kawaida ya mafuta ilikuwa moja. Petroli ilitoka tangini, ikavutwa na pampu ya kiwambo iliyoendeshwa na mhimili wa kemu wa injini, kisha ikasukumwa hadi kwenye kabureta. Humo, boya na sindano yake vilidhibiti kimo cha mafuta, na jeti zenye matundu membamba zikayapima. Chembe moja ya kutu yatosha kuziba jeti. Uchafu chini ya sindano huizuia kufunga, na kabureta ikafurika.

Pemba iliwazidisha maadui hao. Mafuta yote ya kisiwani huja kwa bahari na hupitia vyombo kadhaa kabla ya kufika katika gari. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na tangi lisilojazwa huvuta unyevu huo, ambao usiku hugeuka matone. Maji ni mazito kuliko petroli. Hukaa chini ya tangi, penye mdomo wa bomba, na huko huzaa kutu.

4.0 Kabla au baada ya pampu?

Hapa ndipo hoja za mafundi hukutana. Chujio laini la karatasi likifungwa kati ya tangi na pampu, huilinda pampu na kabureta kwa pamoja, na kulifikia chini ya gari ni rahisi. Hata hivyo, upande huo ni wa kuvuta. Pampu ya kiwambo husukuma vyema kuliko inavyovuta, na kila kizuizi kabla yake hushusha mgandamizo ndani ya bomba. Katika joto la tropiki, petroli iliyoshushiwa mgandamizo hugeuka mvuke mapema na mkondo hukatika. Gari hilo hunguruma vizuri uwanjani, likazimika kilimani. Mpira uliopasuka upande huo pia hauvuji injini ikiwaka. Huvuta hewa, na fundi hutafuta kosa asilione.

Chujio laini likifungwa kati ya pampu na kabureta, mafuta husukumwa kulipita, na jeti hulindwa pale hasa penye hatari. Gharama yake ni mbili: pampu hubaki wazi kwa takataka kubwa, na uvujaji wowote hudondokea injini yenye moto. Kwa sababu hiyo, jibu lililo imara ni la hatua mbili. Wavu mpana au kikombe cha kutuamisha maji hukaa kabla ya pampu. Chujio laini hukaa baada yake, mbali na ekzosi, mshale wake ukielekea kwenye kabureta, na tundu la kuingizia likiwa chini ili hewa ipande na kutoka.

5.0 Uhaba kama mwalimu

Jibu hilo lilihitaji vipuri, navyo vilihitaji fedha za kigeni. Kupanda kwa bei ya mafuta duniani mwaka 1973, vita vya Kagera vya 1978–1979, na kuporomoka kwa bei ya karafuu katika miaka ya 1980, Indonesia ilipojitosheleza kwa zao hilo, viliibana Zanzibar kutoka pande tatu. Zao lililotegemea lori ndilo lililopaswa kulinunulia lori chujio. Mzunguko huo ulipokatika, kilichobaki ni elimu ya mikono: kumwaga maji ya tangi asubuhi kabla ya kuwasha, kuosha wavu, kusikiliza mlio wa injini kilimani.

6.0 Hitimisho

Mahali pa chujio si jambo la spana tu. Ni uamuzi uliopima joto, kutu, kilima na haraka ya karafuu kwa wakati mmoja. Historia ya uchumi wa Pemba inayoishia kwenye bei na mizani ya shirika huacha nje watu walioiwezesha karafuu kuifikia mizani hiyo.