Nyayo za Mtenda: Kishazi Kisicho na Nafsi na Historia ya Mpanda

Mgodi wa madini ya risasi ndio ulioivuta reli itoke Kaliua, katika njia ya Tabora na Kigoma, hata kufikia mwaka 1950 ikawa imewasili Mpanda. Hati za serikali ya wakati ule ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, lakini sekondari ziliendelea na Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi wa Katavi azisomapo hati hizo, huisoma historia ya kwao kwa sarufi ya wengine.

Na itwaliwe mfano wa kutungwa: "Having felled the trees, the line was laid." Maneno "having felled" hayana mtu. Kwa kanuni ya Kiingereza mtenda wake hutafutwa katika kishazi kikuu, na humo haimo ila reli. Basi reli ndiyo iliyokata miti! Kiswahili husema: "Walipokwisha kukata miti, wakatandika reli." Kiambishi wa- chataja watu mara mbili. Hali kadhalika, katika "The line, when finished, carried lead," maneno "it was" yameachwa, wala hakuna alama yake. Kiswahili husema: "Reli ilipokwisha, ilichukua risasi," na i- haikosekani.

Si kwamba Kiswahili hakiachi maneno. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Nusu ya kwanza haina kitenzi, katika ya pili neno "siku" limeachwa, lakini "ya" imebaki kuwa unyayo wake. Methali hiyo ina uzito wa pekee huko Katumba, ambako wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 walifyeka msitu wakalima, na mwaka 2014 wengi wao wakapewa uraia.

Hata hivyo, Kiswahili nacho kina maficho yake. "Kukata miti kulikuwa kazi nzito" yaeleza kazi, haimtaji mkataji. Mfasiri apangaye vitenzi-jina vitupu huwaficha vibarua sawasawa na yule karani wa Kiingereza. Yafaa basi msomaji akiulize kila kishazi kisicho na nafsi: nani? Jibu lisipopatikana katika hati, na litafutwe kwingine; maana miti ya Mpanda haikujikata.